Bakapu ya kila usiku isimalize bando: mwongozo kamili wa rsync kwa intaneti ya kuungaunga

Ofisi ninayoihudumia ni studio ya picha mjini Morogoro, na ndani yake kuna chumba kimoja cha uhasibu. Kazi zote zimo kwenye kompyuta moja ya Linux iliyo chini ya meza, folda ya `/srv/kazi`, kama GB 400 hivi. Nakala zinakwenda kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, kwa ruta ya laini ya simu. Mwezi wa kwanza bando lilikata tarehe 9. Mwenye studio akaniuliza, "Fundi, hizo picha zinakwenda Dar au zinakwenda mwezini?"

Nilidhani shida ni kasi, nikahangaika na ruta wiki nzima, nikaipandisha mpaka juu ya kabati. Kumbe tulikuwa tunatuma vitu ambavyo Dar tayari vilikuwepo, ila vimebadilishwa jina, au saa, au vimebanwa upya. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa zaidi kwenye kutafuta ni nini kinachosafiri bila sababu. Machaguo ya amri yapo, lakini hayo ni nusu ya kazi.

Ninatumia rsync, programu ya kunakili faili kati ya mashine mbili ambayo inatuma mabadiliko tu. Ukiwa na Linux, huenda tayari unayo. Ukiwa na Windows, pitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows. Ukiwa na Mac, sakinisha mpya, kwa sababu iliyokuja na mashine hizo kwa miaka mingi ilikuwa toleo 2.6.9 la mwaka 2006.

Kwanza ujue inavyofikiri

Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa rsync mwaka 1996, wakiwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, kwa ajili ya laini zilizokuwa za taratibu kuliko hata hii yetu. Inafanya maamuzi mawili, na kila hatua inayofuata imejengwa juu yake.

La kwanza: je, faili hii niiguse? Hapo inaangalia ukubwa na saa ya mwisho kubadilishwa, basi. Vikilingana pande zote mbili, inapita bila hata kuifungua. La pili linakuja pale visipolingana. Seva inaikata faili yake ya zamani vipande vipande, inakipa kila kipande saini fupi, na kuzituma saini hizo kwako. Mashine yako inapitia faili mpya baiti kwa baiti ikitafuta vipande vyenye saini zilezile. Vilivyopatikana havisafiri, seva inaambiwa tu "chukua kipande chako namba fulani". Vinavyosafiri ni vile ambavyo kweli ni vipya.

Ukiielewa hiyo, utaona kwamba rsync inaweza kuhadaika kwa njia mbili: uiharibie saa, au uifiche faili ya zamani isiione.

Hatua ya 1: fungua njia

Tengeneza ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva) wa kazi hii peke yake, usitumie ule wako wa kila siku:

```
ssh-keygen -t ed25519 -f ~/.ssh/bakapu
```

Kisha weka hii kwenye `~/.ssh/config`, ukibadilisha anwani iwe ya seva yako:

```
Host ghala
  HostName 203.0.113.10
  User bakapu
  IdentityFile ~/.ssh/bakapu
  ServerAliveInterval 30
  Compression no
```

Kuanzia hapo seva inaitwa `ghala`. Mstari wa mwisho unazuia SSH kubana data, maana suala la kubana tutaliamua ndani ya rsync. Kubana mara mbili ni kuichosha kompyuta bure.

Hatua ya 2: iulize inataka kutuma nini

Kama una nakala za zamani kule, usirekebishe chochote kabla ya hili. Endesha jaribio tupu:

```
rsync -ain /srv/kazi/ ghala:/bakapu/ofisi/mwisho/ | less
```

Herufi `a` inatunza saa na ruhusa za faili, `i` inaonyesha kila badiliko, na `n` inasema usifanye kitu, nionyeshe tu. Mkwaju wa mwisho kwenye `/srv/kazi/` una maana yake: ukiwepo, kinachokwenda ni vilivyomo ndani ya folda, ukiusahau, folda yenyewe inakwenda na unaishia na `kazi` iliyo ndani ya `mwisho`, halafu kila kitu kinaonekana kipya. Nimewahi kulipa GB 6 kwa ajili ya mkwaju huo.

Mistari itakayotoka ni ya namna hii:

```
<f+++++++++ uhasibu/kanzidata-2025-03-11.sql.gz
<f..t...... harusi/kilakala/IMG_4471.CR2
<f.st...... katalogi/studio.lrcat
```

Alama za kujumlisha ni faili ambayo seva haijawahi kuiona. Herufi `s` ni ukubwa umebadilika, `t` ni saa imebadilika. Mstari wa tatu ni wa kawaida: katalogi ya Lightroom (programu ya kuhariri picha) imefanyiwa kazi, imekua. Mstari wa pili ndio wa kutilia shaka. Picha ghafi ya kamera haibadiliki baada ya kupigwa, sasa saa imebadilikaje? Na wa kwanza ni mwizi kabisa, tutafika kwake.

Hesabu mistari ya kila aina kabla hujaendelea. Kwetu, picha zenye `t` peke yake zilikuwa maelfu.

Hatua ya 3: visivyostahili safari

Andika `/etc/bakapu/usibebe.txt`:

```
.cache/
.Trash-*/
*.tmp
~$*
Thumbs.db
.DS_Store
*.lrdata/
node_modules/
```

Folda za `.lrdata` ni picha ndogo za kutazamia ambazo Lightroom inazitengeneza yenyewe. Ukizipoteza itazitengeneza tena. Kwetu zilikuwa na vijifaili vingi kuliko picha zenyewe. Kanuni yangu ni rahisi: kama programu inaweza kukizalisha tena bila mtu kukaa macho usiku, kibaki nyumbani. Katalogi yenyewe, ile ya `.lrcat`, hiyo lazima iende, na Lightroom iwe imefungwa wakati bakapu inapita.

Hatua ya 4: safari ya kwanza ipande basi

Piga hesabu. Kwa kilobaiti 300 kwa sekunde, GB 400 zinachukua kama siku 15 bila kupumzika, umeme usikatike hata mara moja. Basi la Morogoro hadi Dar ni la saa chache.

Nunua diski ya nje, iumbize kwa ext4, nakili kwa `rsync -a`, mpe mtu anayesafiri, na kule nako inakiliwe kwa `rsync -a` mpaka ndani ya seva. Nasisitiza `rsync -a` pande zote mbili kwa sababu ndipo nilipoanguka. Kijana aliyepokea diski Dar alivuta folda kwa kipanya na kuidondosha, faili zote zikavaa saa ya siku ile. Usiku uliofuata rsync ikaona kila picha ina saa tofauti, ikaanza kusoma GB 400 pande zote mbili na kujenga kila faili upya kule. Data iliyosafiri haikuwa nyingi, lakini seva ikawa na nakala mbili za kila kitu na diski yake ikajaa saa 10 alfajiri. Ile `t` ya mstari wa pili imetokea huko.

Dawa yake ni amri moja, mara moja tu:

```
rsync -a --size-only /srv/kazi/ ghala:/bakapu/ofisi/mwisho/
```

Inazihesabu faili zenye ukubwa sawa kuwa ni zilezile, na inarekebisha saa bila kutuma maudhui. Usiiache kwenye skripti ya kila siku. Mhasibu akibadilisha tarakimu moja bila ukubwa wa faili kuguswa, hutaipata.

Ikiwa seva yako ni ya kukodi nje ya nchi na basi halifiki, panda kwa mafungu: folda moja kila usiku, ukianza na zile ambazo ukizipoteza utashtakiwa.

Hatua ya 5: kanzidata, na ule mwizi wa mstari wa kwanza

Kila usiku mfumo wa uhasibu ulikuwa unatoa faili yenye tarehe kwenye jina, imebanwa kwa gzip. Nadhifu, inapendeza machoni. Kwa rsync ni balaa maradufu.

Kosa la kwanza ni jina. `kanzidata-2025-03-11` haina ndugu upande wa pili, kwa hiyo hakuna vipande vya kulinganisha, inakwenda nzima. Kesho hivyohivyo. Data yenyewe kati ya jana na leo imeongezeka risiti 40, lakini tunalipia miaka mitatu ya risiti kila usiku.

Kosa la pili ni gzip. Ubanaji wa kawaida unategemea kilichotangulia: ukibadilisha mstari mmoja karibu na mwanzo, baiti zote zinazofuata zinageuka. Hata ungeipa jina moja kila siku, rsync ingelinganisha vipande isikute hata kimoja.

Tukabadilisha hivi, kwa mysqldump, amri inayotoa nakala ya kanzidata ya MySQL:

```
cd /srv/kazi/uhasibu
mysqldump --single-transaction --skip-dump-date uhasibu > kanzidata.tmp \
  && mv kanzidata.tmp kanzidata.sql
```

Jina moja siku zote, haijabanwa. Tarehe zitatunzwa na matoleo ya hatua inayofuata. Faili inaandikwa kwanza pembeni kwa jina la muda, ili mysqldump ikifeli katikati isiifute ile nzuri ya jana; na jina hilo linaishia kwa `.tmp`, ambalo tayari limo kwenye orodha ya visivyobebwa. `--skip-dump-date` inaondoa tarehe ndani ya faili, na `--single-transaction` inapiga picha moja ya jedwali za InnoDB (aina mojawapo ya jedwali za MySQL) bila kumfungia mtu mlango.

Ukiwa na uhaba wa nafasi na lazima ubane, tumia `gzip --rsyncable` au `zstd --rsyncable`. Hizo zinakata data kwa namna ambayo badiliko la mahali pamoja halisambai hadi mwisho wa faili. Na kama jina lenye tarehe limeng'ang'aniwa na programu usiyoweza kuigusa, mwongezee rsync chaguo `--fuzzy`: itatafuta kwenye folda hiyohiyo ya seva faili yenye jina linalokaribiana na kuitumia kama ya zamani. Kama seva inapokea kwenye folda mpya tupu, kama tutakavyofanya sasa hivi, liandike mara mbili kwa ufupisho wake `-y`, yaani `-yy`, ili itafute na ndani ya toleo lililopita.

Hatua ya 6: matoleo ya kila siku bila kurudia data

Nakala moja inayofuata mabadiliko haitoshi. Mtu akifuta folda Jumatatu na rsync ikafuta Jumatatu usiku, Jumanne huna kitu. Tunataka folda kwa kila siku, kila moja ikiwa kamili ukiifungua, lakini zisile diski mara 30.

Chaguo `--link-dest` ndilo linalofanya hivyo. Faili ambayo haijabadilika hainakiliwi. Toleo jipya linapewa jina la pili la faili ileile iliyo kwenye diski. Hiyo ndiyo hadilinki: majina mawili, data moja, na data haifutiki mpaka jina la mwisho liondoke. Kwa hiyo unaweza kufuta toleo lolote la zamani bila kuwadhuru wenzake.

Skripti nzima, `/usr/local/bin/bakapu.sh`:

```
#!/bin/bash
set -eu
MZIZI=/bakapu/ofisi
LEO=$(date +%F)

exec 9>/var/lock/bakapu.lock
flock -n 9 || exit 0

ssh ghala test -d $MZIZI/$LEO && exit 0

rsync -a --delete --stats \
  --partial-dir=.rsync-partial --timeout=120 \
  --exclude-from=/etc/bakapu/usibebe.txt \
  --link-dest=$MZIZI/mwisho \
  --bwlimit=300 \
  /srv/kazi/ ghala:$MZIZI/haijaisha/ || [ $? -eq 24 ]

ssh ghala "cd $MZIZI && mv haijaisha $LEO && ln -sfn $LEO mwisho"
```

Folda inaitwa `haijaisha` mpaka imalizike, kisha inapewa jina la tarehe, na `mwisho` inakuwa kiungo kinachoelekeza kwenye toleo hilo. Kama `mwisho` yako bado ni folda halisi, kabla ya safari ya kwanza ipe jina la tarehe ya jana na utengeneze kiungo `mwisho` kinachoielekea, la sivyo `ln` itaweka kiungo ndani yake. Umeme ukikatika saa 8 usiku, folda inabaki na jina hilo, na safari ijayo inaendelea ndani yake badala ya kuanza upya. Video ya GB 2 iliyofika nusu inatunzwa kwenye `.rsync-partial`. `--delete` ipo ili kusafisha `haijaisha` vitu vilivyofutwa ofisini tangu safari iliyokatika. Haigusi matoleo yaliyokwisha. `flock` inazuia safari mbili kupandana. Na ile 24 ni namba ambayo rsync inarudisha faili ikitoweka katikati ya kazi, jambo la kawaida mtu anapofunga hati usiku. Hiyo tunaivumilia. Namba nyingine yoyote, skripti inasimama na jina `haijaisha` linabaki kama ushahidi.

Tahadhari moja: usiongeze `--inplace` hapa. Kwa kawaida rsync inaandika faili pembeni kisha inabadilisha jina, hivyo toleo la zamani linabaki salama. `--inplace` inaandika palepale, na faili ikiwa na majina 20, umeharibu siku 20 kwa mpigo.

Uone kwa macho:

```
ssh ghala "cd /bakapu/ofisi && du -sh 20*"
```

Toleo la kwanza litaonyesha GB 400, yanayofuata yataonyesha megabaiti kadhaa kila moja, kwa sababu `du` inahesabu kila data mara moja tu. Siku ambayo toleo moja limevimba, kuna mtu kafanya jambo. Mara nyingi ni `chmod`, amri ya kubadilisha ruhusa, iliyopigwa folda nzima: ruhusa zikibadilika hadilinki haiwezekani, seva inanakili faili hizo kwake. Bando halikuliwa, diski ndiyo imeliwa.

Hatua ya 7: saa, kasi, na kubana

Kwenye cron, ratiba ya Linux ya kuendesha amri kwa saa maalumu, weka safari mbili, ya pili kwa ajili ya usiku wa umeme mbovu. Ya kwanza ikifanikiwa, ya pili itakuta toleo la leo na kujiondokea:

```
30 0 * * * /usr/local/bin/bakapu.sh >> /var/log/bakapu.log 2>&1
0  4 * * * /usr/local/bin/bakapu.sh >> /var/log/bakapu.log 2>&1
```

`--bwlimit=300` ni kilobaiti kwa sekunde, si kilobiti. Watu wengi huchanganya, wakaweka 2000 wakidhani ni megabiti 2 na kuibana ofisi nzima. 300 ni karibu megabiti 2.5, au kama GB 1 kwa saa.

Kubana kwa `-z` kunasaidia maandishi, ile `kanzidata.sql` hasa. JPEG, video na ZIP tayari zimebanwa, unazungusha kichakataji tu. Ukitaka kuwa makini, gawa safari mbili: uhasibu kwa `-z`, picha bila. Kuanzia rsync 3.2.0 ya mwaka 2020 unaweza kuongeza `--compress-choice=zstd`, ambayo ni nyepesi zaidi, mradi pande zote mbili zinaijua.

Folda ikibadilishwa jina

Hili ndilo rsync haiwezi. Mpiga picha akigeuza `harusi/mpya` kuwa `harusi/2025-03-kihonda`, GB 30 zote zinahesabika mpya. Nimewaomba wanaponiona asubuhi waniambie, "Fundi, tumehamisha folda." Nikiambiwa, naitangulia usiku:

```
ssh ghala "cd /bakapu/ofisi && cp -al mwisho/. haijaisha \
  && mv haijaisha/harusi/mpya haijaisha/harusi/2025-03-kihonda"
```

`cp -al` inatengeneza majina bila kunakili data, kisha tunarudia badiliko lilelile la ofisini. rsync ikifika inakuta kila picha mahali pake, ukubwa sawa, saa sawa, inapita. Kabla ya kuiendesha hakikisha hakuna `haijaisha` iliyobaki ya jana.

Kusoma logi na kujaribu kurudisha

Kwenye logi kuna mistari miwili inayotosha: `Literal data` ni kilicholazimika kusafiri, `Matched data` ni kilichookolewa kwa sababu seva ilikuwa nacho. Literal ikiruka ghafla, rudi hatua ya 2 ukasome herufi.

Kila mwisho wa mwezi ninavuta folda moja nisiyoichagua mapema, nainakili pembeni na kufungua picha tatu nne kwa macho:

```
rsync -a ghala:/bakapu/ofisi/2025-03-02/harusi/kilakala/ /tmp/jaribio/
```

Na mara moja kwa muda mrefu, `rsync -ainc`, ambayo inasoma kila faili pande zote badala ya kuamini saa. Inachukua usiku mzima wa diski lakini bando kidogo, kwani zinazosafiri ni saini tu.

Wakati wa kuiacha rsync

Kama seva si yako na hutaki mwenye seva aone picha za wateja, au kama folda zinahamahama kila siku, nenda restic au Borg, programu nyingine za bakapu. Hizo zinakata data kwa kufuata maudhui, zinatunza kila kipande mara moja popote kilipo, na zinafunga kila kitu kwa nywila kabla hakijatoka. Kubadilisha jina la folda hakugharimu kitu. restic inakubali `--limit-upload 300`, na tangu toleo 0.14 la mwaka 2022 inabana data pia. Angalia tu `prune`: ili kusafisha ghala huenda ikavuta data kuileta kwako na kuirudisha, kwa hiyo `forget` iwe ya kila usiku, `prune` ya mara moja kwa mwezi siku bando lina nafasi. Na nywila ikipotea, ghala lote limepotea nayo. Yetu ya majaribio imeandikwa kwenye karatasi iliyo kwenye sanduku la fedha.

Studio bado ipo kwenye rsync, na sababu ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kiufundi: mhasibu akifuta faili anafungua folda ya jana mwenyewe, anaichukua, hanipigii simu.